Asiyerudi Amepona

Mdogo wangu aliingia kituo chetu cha afya Alhamisi asubuhi, msimu wa salfa umepamba moto, na nilimsikia kabla sijamwona. Alikohoa getini, akakohoa kwenye ngazi, akakohoa tena pale wagonjwa wanapokaa kusubiri. Alipofika mezani kwangu akasema, "Shikamoo Dada," na mimi badala ya marahaba nikamwambia, "Ziba mdomo, unatutemea wote." Ndivyo nilivyo. Nikimpenda mtu namgombeza kwanza.

Yeye ni kitinda mimba wa mama yetu. Anaishi Lisekese, huko chini Masasi, na kila mwaka mikorosho inapoanza kuchanua hupanda huku juu Newala na mashine yake ya kupulizia. Unaibeba mgongoni alfajiri upepo ukiwa umetulia, unarusha unga wa salfa juu ya miti ili ugonjwa wa ubwiriunga usiue maua, na ukimaliza wewe mwenyewe umekuwa wa njano mpaka kope. Kwa hiyo msimu huo kikohozi kwetu si habari. Wanakohoa wapulizaji, wanakohoa wake zao wanaofua zile nguo, wanakohoa hata mbuzi waliofungwa chini ya mikorosho.

"Siku ngapi?" nikamuuliza.

"Wiki mbili hivi. Tatu. Sijui, Dada, nina kazi."

"Na hiyo suruali umefunga kamba, mkeo hakupikii?"

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. Nikampandisha kwenye mzani, nikampima joto, nikaandika kitabuni, halafu nikaingiza kila kitu kwenye tableti.

Hii tableti niieleze. Mwaka uliotangulia walikuja wataalamu wa kompyuta, wakachukua vitabu vyetu vya wagonjwa vya miaka mingi, wakanakili ukurasa kwa ukurasa. Umri, kijiji, kazi, mwezi aliokuja, siku alizokohoa, uzito, joto, ugonjwa tuliomwandikia, na safu ya mwisho kabisa, matokeo. Programu ikalishwa yote hayo ikajifunza. Ukiipa mgonjwa mpya inamlinganisha na wote waliopita, halafu inakwambia huyu ni pumu, huyu nimonia, huyu apimwe kifua kikuu, huyu ni muwasho wa salfa tu. Ikitoka nyekundu, mgonjwa anakwenda kwa tabibu. Ikitoka kijani anamalizana na mimi, nampa dawa ya kikohozi na maneno mawili matatu, kwaheri.

Sehemu kubwa ya mwandiko ule ulikuwa wangu. Nimekaa kwenye meza ile tangu sina mvi hata moja. Tulipoitwa Masasi kufundishwa kuitumia, mtaalamu alisema mbele ya watu kwamba programu imejifunza kutoka kwa wauguzi wazoefu, na mimi nikavimba kichwa kama nimepewa uprofesa. Nikarudi nyumbani nikamwambia mume wangu, "Kuna mashine inafikiri kama mimi." Akaniuliza kama nayo inafoka.

Mdogo wangu ikatoka kijani. Muwasho wa salfa.

Nikamwonyesha. "Umeona? Salfa. Pumzika siku tatu, ukirudi shambani funga kitambaa puani, si shingoni kama bwana harusi."

"Siku tatu? Mikorosho hainisubiri, Dada. Leo jioni tunakwenda Tandahimba, tajiri ana shamba kubwa huko."

"Haya, nenda ukafe na mikorosho yako."

Nilisema hivyo. Nilisema kwa mzaha, kama tunavyosemana siku zote, na akaondoka anacheka na chupa yake ya dawa mfukoni.

Wiki ile alikuwapo kituoni mmoja wa wale wataalamu, binti mpole aliyekuja kukagua kama programu inafanya kazi sawasawa. Alikaa na kompyuta yake kwenye kona ya chumba changu, haongei mpaka umsemeshe. Mdogo wangu alipotoka niliwahudumia wengine kadhaa, na foleni ilipopungua yule binti akageuza kiti.

"Mama, samahani. Naomba kuuliza kitu kuhusu safu ya matokeo."

"Uliza, mwanangu. Kuuliza si ujinga."

"Wagonjwa wa muwasho wa salfa karibu wote wameandikwa 'amepona'. Mlikuwa mnajuaje kwamba wamepona?"

Nikamwangalia. Swali lenyewe niliona la kitoto. "Si hakurudi?"

"Hakurudi?"

"Mgonjwa akizidiwa si anarudi? Asiyerudi amepona. Mwisho wa mwezi unapitia kitabu, ambaye hajarudi unamwandikia amepona, unafunga hesabu. Ndivyo nilivyofundishwa na aliyenitangulia, naye alifundishwa hivyo hivyo."

Yule binti akaweka kalamu mezani. Akasema polepole, kama anayeogopa kunivunjia heshima, "Mama, programu haijui kwamba hakurudi. Inajua kwamba amepona. Imejifunza kwamba mwanamume mpulizaji, mwezi wa saba, anakohoa wiki mbili tatu, akiandikiwa salfa anapona. Kama baadhi yao walikuwa na kitu kingine…"

"Kitu kingine kipi?"

"Kifua kikuu, kwa mfano."

Loo! Damu ikanipanda. Nilimwambia mimi nimeanza kazi hii yeye hajazaliwa. Nilimwambia kifua kikuu nakijua, tangazo liko ukutani nyuma ya kichwa chake, kikohozi cha wiki mbili pima makohozi. Na nikiwa nasema hivyo nikalisoma lile tangazo kwa mdomo wangu mwenyewe, na sikuwa nimempima mdogo wangu makohozi. Sikuwa nimempima mtu yeyote makohozi msimu wa salfa, tuseme ukweli. Wanakuja wengi, wana haraka, sampuli mpaka itafutiwe pikipiki ya kuipeleka hospitali, na kikohozi kila mtu anajua cha nini.

Lakini mimi si mtu wa kushindwa mapema. Nikavuta kitabu cha mwaka jana, nikafungua mwezi wa saba, nikatafuta mtu mmoja anayefanana na mdogo wangu ili nimwonyeshe yule binti. Nikampata bila shida. Mwanamume, umri ule ule, mpulizaji, kikohozi wiki tatu, uzito mdogo. Mwandiko wangu: salfa. Mwandiko wangu tena, wino mwingine: amepona. Kijiji chake si mbali.

"Huyu hapa," nikasema. "Nakwenda kumleta mwenyewe, aje akukoholee mbele yako uone kama anakohoa."

Nikamwachia mwenzangu meza, nikapanda bodaboda mchana ule wa jua, nimekasirika, nikipanga njia nzima maneno ya kumtambia yule binti.

Nilimkuta mke wa yule bwana uani, anapura mbaazi. Nikapiga hodi, nikamwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Akanitambua mara moja.

"Karibu nesi. Shikamoo."

"Marahaba. Nimekuja kumwona baba watoto. Yuko shamba?"

Fimbo ikabaki juu kidogo, halafu akaishusha taratibu. "Baba watoto tulimzika masika, nesi."

Nilikaa chini kwenye gunia la mbaazi bila kukaribishwa. Nikasema, "Pole, mama." Akasema, "Nimeshapoa," kama tunavyosema wote, na ukimwangalia usoni ulijua hajapoa hata kidogo.

Nikamuuliza ilikuwaje. Alinieleza bila kulia, anaokota mbaazi zilizoruka nje ya turubai. Alikohoa msimu wote. Korosho zikaiva, akashindwa kuinama kuziokota. Mvua zilipoanza akatema damu, wakampeleka kwa ndugu zake, huko akafa.

"Mbona hamkumrudisha kituoni?" Nilisema kwa ukali, mazoea ya miaka, mdomo ulinitangulia.

Akaniangalia moja kwa moja. "Nilimwambia turudi. Akasema, nesi ameshaniambia ni salfa, nikirudi atanifokea. Akasema, yule mama ana mdomo."

Nimeyabeba maneno yale mpaka leo. Watu wa kwetu huniogopa na nilikuwa naona fahari, nikidhani ndiyo nidhamu ya kazi.

"Alianza kukohoa lini?" nikauliza. Safari hii niliuliza taratibu.

"Kabla ya salfa. Mashine ilikuwa bado iko darini."

"Hakuniambia hivyo."

"Ulimuuliza?"

Sikumuuliza. Kitabu hakina safu ya swali hilo, na tableti haina, kwa sababu kitabu hakina. Nyuma ya nyumba mtoto mmoja akakohoa. Mama yake akageuka, mimi nikageuka, tukaangaliana. Nikamwambia kesho asubuhi alete watoto wote, na yeye mwenyewe, bila kukosa, na nikamwambia sitafoka. Nikaona anajizuia asicheke.

Nikatoa simu, nikampigia mdogo wangu. Haipatikani. Nikampigia tena. Haipatikani. Nikampigia wifi yangu Lisekese.

"Shikamoo wifi."

"Marahaba. Mumeo alianza lini kukohoa?"

"Ah, siku nyingi. Tangu tunavuna mahindi. Kwani vipi, wifi?"

Tangu wanavuna mahindi. Salfa hata mfuko mmoja ulikuwa haujafunguliwa. "Hamna kitu," nikasema, nikakata simu, maana wifi yangu ana mtoto wa miezi mitano, na huyo mtoto hulala kifuani kwa baba yake kila usiku baba akiwa nyumbani. Nimewaona mwenyewe kwa macho yangu.

Gari lao la kwenda Tandahimba linaondoka saa kumi na moja. Ilikuwa saa tisa imepita. Nikimkosa, anaingia mashambani huko wiki mbili au tatu, simu haina chaji, analala banda moja na wenzake kumi. Nikamwambia bodaboda, "Kimbiza." Akasema, "Mama, barabara mbaya." Nikamwambia barabara mbaya ninaijua kuliko yeye, akimbize. Njiani tulikwama mchangani mara mbili, nikashuka nikasukuma na sare yangu nyeupe, na kila nikiangalia saa mshale umeruka. Nilimwomba Mungu kwa sauti, na nikamlaumu kwa sauti.

Gari nililikuta. Limepakiwa nusu, mifuko ya salfa chini, mashine juu, wapulizaji wanataniana. Mdogo wangu alikuwa amekaa juu ya bodi, aliponiona akacheka.

"Dada, umekuja kunisindikiza?"

"Shuka."

"Kuna msiba?"

"Shuka nikwambie."

Akashuka. Nikamwambia lazima arudi nami, atoe makohozi asubuhi, apimwe. Akaangalia wenzake, akanivuta pembeni. "Dada, unaniaibisha. Asubuhi umesema salfa. Mashine yenyewe imesema salfa, umenionyesha."

"Mashine imesema nilichoiambia mimi."

"Basi wewe umesema salfa."

"Nilisema uongo."

Hilo hakulitegemea. Mimi pia sikulitegemea, lilitoka lenyewe. Dereva akapiga honi. Mdogo wangu akasema atapima akirudi kutoka Tandahimba, wallahi atapima, akashika bodi apande. Nikamshika mkanda, yaani ile kamba ya suruali. Wenzake wakapiga kelele, "Mama anamchapa, mama anamchapa!" Naye akakasirika kweli, akanitoa mkono. "Niache! Mimi si mtoto!"

Nikamwambia habari za yule bwana. Umri wako, nikasema, kazi yako, uzito wako, kikohozi chako. Nilimwandikia kama nilivyokuandikia wewe. Amekufa. Nimetoka kwake sasa hivi, mtoto wake anakohoa. Na wewe wifi ameniambia ulianza mahindi yakivunwa, na mtoto wako unamlaza kifuani. Nilikuwa nalia, mbele ya wanaume wote wale, mimi ambaye hata kwenye mazishi ya mama nilikuwa ndiye ninayegawa kazi. Kelele zilikoma.

Mdogo wangu alisimama na mkono kwenye bodi. Dereva akapiga honi tena. Halafu mdogo wangu akaomba ashushiwe mashine yake.

Ijumaa asubuhi alikohoa kwenye kikopo uani kwangu, nikafunga kifuniko mwenyewe, sampuli ikaenda hospitali. Mke wa marehemu alikuja na watoto wote watatu, wamevaa vizuri kama wanakwenda harusini. Tabibu aliwaangalia mmoja mmoja, na yule wa pili, aliyekuwa anakohoa, alikutwa amepungua mno, akaandikiwa kupigwa picha ya kifua. Yule binti wa kompyuta nilimweleza kila kitu. Nilitegemea aseme, nilikwambia. Hakusema. Alisema, "Na mimi nilipaswa kukuuliza kabla ya kuifundisha, Mama, si baada," akaifunga sehemu yote ya kikohozi kwenye tableti palepale. Kila mwenye kikohozi sasa anakwenda kwa tabibu. Nilimshukuru, na nikamwomba msamaha kwa maneno ya jana.

Jumamosi na Jumapili sitaki kuzikumbuka. Mdogo wangu alikaa nje barazani, mimi ndani, na kila akikohoa nilikuwa nimeshika kitu nakiweka chini. Mume wangu alijaribu kuongea habari za mpira. Nilipika ugali ukaungua, mimi. Mdogo wangu hakuniambia neno siku zote mbili zaidi ya salamu na asante kwa chakula. Nilidhani amekasirika kwa kukosa kazi.

Jumatatu, simu ya maabara iliita saa nne kasoro. Walisema ni kifua kikuu, na kwamba kwa bahati si kile sugu, dawa za kawaida zitamtosha. Niliweka simu mezani nikashika kichwa. Kisha nikampigia wifi, nikamwambia achukue gari aje na mtoto leo hii. Alilia, nikamwacha alie mpaka amalize, halafu nikamweleza tena taratibu kwamba atapona, kwamba mtoto atapimwa, kwamba tumewahi.

Na kweli tumewahi, nilijisemea. Niliona nimefanya kitu. Nilimkimbiza kwa bodaboda, nilisukuma pikipiki mchangani, nililia hadharani, na mdogo wangu yuko hai kwenye benchi langu na barakoa usoni na pakiti ya dawa mkononi. Nikaenda nikakaa karibu naye, nikimshukuru Mungu. Ng'ambo ya ukumbi mke wa marehemu alikuwa amekuja kuchukua barua ya mtoto ya kwenda kwenye picha.

Mdogo wangu alimwangalia muda mrefu.

"Ndiye yule?"

"Ndiye."

"Mumewe ulimfuata?"

"Sikumfuata."

Akatikisa kichwa, si kwa hasira. Akazungusha pakiti ya dawa mkononi. "Nimekaa barazani kwako siku mbili nafikiri, Dada. Alhamisi ile nilipotoka kwako, benchini kulikuwa na mzee mmoja anakohoa kuliko mimi. Na mwanamke mwenye kilemba cha bluu, na mpulizaji mwenzangu mmoja wa kutoka bondeni. Wote waliingia baada yangu. Wote walitoka na chupa kama yangu, maana bodaboda wangu alichelewa, niliwaona."

Nikaanza kusema kwamba programu imefungwa, kwamba sasa kila mwenye kikohozi anaonwa na tabibu.

"Tangu Ijumaa," akasema. "Mimi nakuuliza wale wa Alhamisi. Umewafuata?"

Siku nne zilikuwa zimepita. Majina yao yalikuwa kwenye kitabu, kwa mwandiko wangu, na vijiji vyao. Sikuwa nimewafikiria hata mara moja.

"Hapana," nikasema.

Mdogo wangu akaniangalia juu ya barakoa yake.

"Sasa umekaa hapa unafanya nini, Dada?"